Mawazo yanaleta mafua?

*Daktari, kila mitihani ikikaribia napata mafua. Mama anasema ni mawazo tu. Ni kweli?*
*Mwanafunzi, Morogoro*

Mama hajakosea sana, ila hiyo “tu” naikataa. Mafua yako ni ya kweli na huletwa na virusi. Msongo wa mawazo hudhoofisha kinga inayopambana navyo. Mwaka 1991 Sheldon Cohen na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Uingereza: watu 394 walitiwa puani matone yenye virusi, na wenye msongo mkubwa ndio waliougua zaidi.

Usikeshe na madaftari, nakusihi. Usingizi ni sehemu ya maandalizi. Nawa mikono kwa sabuni. Antibiotiki hazitibu mafua, usizinunue. Ukipata homa, kapime malaria siku hiyohiyo. Ukipumua kwa shida, wahi hospitali.