SOMO LA MWEZI: HOFU INAHITAJI KAZI



Mabadiliko ya tabianchi hufundishwa kwa habari za mvua, joto na moshi wa viwanda. Lakini mtu asikiapo habari hizo, huzipokea kwanza moyoni, kwa hofu, kwa huzuni au kwa hasira, kabla hajaamua atende nini. Katika somo hili twataka kuzitazama hisia hizo tatu, maana zaweza kumwinua mtu au kumlaza.

1. Hofu
Mwaka 2021 jarida la Lancet Planetary Health lilitoa uchunguzi wa vijana 10,000 wa miaka 16 hadi 25 katika nchi 10, Nigeria ikiwa mojawapo. Vijana 59 katika kila 100 walisema wana wasiwasi mkubwa au mkubwa mno kuhusu tabianchi. Yafaa tusiwacheke.

Je, tuwatishe watu zaidi ili watende? Sisi tuliofundisha miaka mingi twajua kwamba mtoto anayetishwa kwa fimbo hujifunza kuikwepa fimbo, wala si hesabu. Mwaka 1992 mtaalamu Kim Witte alieleza jambo hilo hilo: mtu aliyeogofywa, akiona lipo aliwezalo, huikabili hatari, akiona hana la kufanya, hupigana na hofu yake tu. Hukana, hufanya mzaha, au husema, "Hizi ni siku za mwisho, tuache."

Tazameni nchi iitwayo leo Bangladesh. Mwaka 1970 kimbunga cha Bhola kiliua watu wasiopungua 300,000. Baada ya msiba ule watu wa pwani walifundishwa kazi: watu wa kujitolea wapite na vipaza sauti, bendera za hatari zipandishwe, majengo ya kukimbilia yajengwe. Mei 2020 kilipokuja kimbunga Amphan, watu zaidi ya 2,000,000 walihamishwa mapema, na waliokufa nchini humo hawakufika 100. Watu waliogopa kama zamani, ila safari hii kila mmoja alijua pa kwenda.

2. Huzuni
Kati ya mwaka 1912 na 2011, Kilimanjaro ilipoteza eneo la barafu kiasi cha 85 katika kila 100. Mzee aliyekua akiutazama mlima ule ana haki ya kusikitika. Kadhalika mkulima ambaye majira aliyofundishwa na baba yake hayamwongozi tena. Tusiwakemee. Mfiwa hukaliwa matanga, watu wakamsikiliza. Kisha matanga huanuliwa, na kila mtu hurudi shambani. Huzuni isiyosikilizwa haianuliwi.

3. Hasira
Afrika yote hutoa chini ya 5 katika kila 100 za hewa ya ukaa itokayo duniani kila mwaka. Basi kuwadai waliochafua zaidi ni haki. Lakini tuangalie hasira isimwangukie mnyonge. Mama apikaye kwa mkaa hali hana jiko jingine, ukimtia hatia utamnyamazisha tu. Umsaidie kupata jiko linalokula mkaa kidogo.

Kwa hiyo, kila tunapotangaza habari ya hatari, hatuna budi kutangaza pamoja nayo kazi iliyo karibu na mikono ya wasikilizaji: kuzibua mitaro kabla ya masika, kukinga maji ya bati, kupanda miti na kuitunza, kujua nani atamchukua bibi asiyeweza kutembea mafuriko yakija. Tumaini hukua kwa mtu aliyekwisha kuanza kazi.

Maswali ya kujadiliana
1. Ni hisia gani iliyo na nguvu zaidi katika mtaa wetu? Tumemsikiliza nani?
2. Tangazo letu la mwisho kuhusu mvua lilitaja kazi gani?
3. Mafuriko yakija usiku, nani katika jirani zako atahitaji kubebwa?