Soma Mwongozo wa Mwalimu Kuanzia Nyuma

Mwalimu wa Kiswahili aliyepewa kidato cha kwanza huku Port Bell, bandari ya Kampala, huwa na vitabu vitatu mezani: silabasi ya NCDC (Kituo cha Taifa cha Kukuza Mitaala), kitabu cha mwanafunzi na mwongozo wa mwalimu. Tangu Februari 2020, mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza kutumika Uganda, Kiswahili ni somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili. Anayesema mwanafunzi afike wapi ni silabasi. Mwongozo ni mshauri tu. Wengi wetu hupindua mambo. Mwongozo hufunguliwa usiku wa kuamkia kipindi, hatua zake zikanakiliwa neno kwa neno kwenye andalio la somo, na silabasi ikalala kabatini mpaka siku mkaguzi anapobisha hodi.

Anza na mwisho wa mada. Kabla hujagusa hatua ya kwanza, nenda kwenye tathmini, usome anachotakiwa kufanya mwanafunzi mada ikiisha. Kisha jiulize atasema nini au ataandika nini ambacho leo hakiwezi, na ukiandike kwa maneno yake yeye. "Ataelewa ngeli ya A-WA" haikusaidii kitu, kwa sababu huwezi kuuona uelewa huo ukipita mlangoni. "Atamwambia muuzaji: Sangara huyu ameoza, nipe yule" inasikika, inasahihishika, na inakuonyesha hatua zipi za mwongozo zinakufikisha huko na zipi ni mapambo.

Pili, yafanye mazoezi yote mwenyewe bila kuchungulia majibu. Majibu ya kwenye mwongozo yana makosa ya chapa kama kitabu kingine chochote, na mara nyingi hutoa jibu moja pale ambapo Kiswahili kinakubali mawili au matatu. Heri kuligundua hilo ukiwa na chai yako kuliko kubishana na mwanafunzi aliyepatia.

Sasa tuje kwenye darasa lenyewe, maana hapa ndipo mwongozo unapokwama. Aliyeuandika alimwazia mwanafunzi mmoja, tena wa kubuni. Port Bell ina wa aina mbili kwa uchache. Kuna watoto wa nyumba za Luganda, ambao Kiswahili wamekisikia redioni na bandarini tu. Na kuna watoto wa kota za askari magereza wa Luzira, waliokua wakikiongea uani, kwa kuwa majeshi, polisi na magereza ya Uganda yamekitumia kwa miaka mingi. Hawa wa kota huona somo ni jepesi mno. Wanabwabwaja vizuri, wanamcheka anayebabaika, halafu kwenye karatasi wanaanguka.

Lakini hebu wasikilize wote wawili wakimzungumzia samaki. Wa kota atasema "samaki imeoza", kwani Kiswahili cha kambini hukipa karibu kila kitu *i*. Wa Luganda naye atasema "samaki imeoza" au "kuku imekufa", kwani katika lugha yake kuku hufuata upatanisho uleule wa nyumba. Njia mbili, kosa moja. Miongozo mingi niliyoipitia huigusa A-WA haraka haraka, mtu na mtoto, mwalimu na mwanafunzi, kisha inakimbilia KI-VI. Kwa darasa hili ni kinyume. KI-VI haina kazi kubwa: mwenye *ekitabo* na *ebitabo* kinywani anahitaji kuelekezwa tu, hahitaji kufundishwa upya. Punguza vipindi vya KI-VI, uongeze vya A-WA, na uongeze hasa kwa wanyama, ndege na samaki. Ni vivyo hivyo kwa kusoma saa. Mwongozo unaweza kutenga kipindi kizima kueleza kwa nini saa moja ni asubuhi, ilhali Luganda inahesabu saa kwa mtindo huohuo. Pita.

Kipindi ni dakika 40. Ondoa za kungoja utulivu na kufuta ubao uliojaa hesabu za mwenzako, utabaki na thelathini na kitu. Mwongozo utakupa shughuli tano: wimbo, kadi, igizo, kazi ya vikundi na zoezi la kuandika. Chagua mbili, ukizidisha tatu.

Kwa A-WA mimi ningekwenda hivi. Ingia na dagaa wakavu kiganjani, wanapatikana mwaloni kwa bei ya chini. Sema sentensi kadhaa, nyingine sahihi, nyingine mbovu: "Dagaa hawa wamekauka." "Dagaa hizi zimekauka." Wanafunzi wainue mkono wakisikia iliyo mbovu. Dakika tano zatosha. Kisha igizo la sokoni, wawili wawili, mmoja muuzaji na mmoja mnunuzi, kwanza samaki mmoja, baadaye wengi. Mpange mtoto wa kota pamoja na yule asiyekijua Kiswahili, ila usimfanye wa kota mwalimu msaidizi, maana ataieneza ile *imeoza* yake darasa zima. Mpe yeye kalamu aandike wanachosema, na mwenzake ndiye aseme. Mmoja tatizo lake liko kwenye maandishi, mwingine liko kwenye kufungua mdomo. Dakika kumi za mwisho, kila mtu aandike sentensi nne daftarini. Wimbo uache mwongozoni.

Ukibadilisha mifano, linda mifupa. Tuseme kifungu cha kusoma ni safari ya treni kwenda Mombasa, na watoto wako wanaijua zaidi meli ya MV Umoja inayovusha mabehewa kati ya Mwanza na Port Bell. Ihamishe safari iwe ya ziwani, lakini tulipanda, tulifika na tulishuka vibaki palepale, kwa sababu kifungu kiliwekwa ili kufundisha wakati uliopita. Msamiati pia uuangalie: neno ulilolitupa leo huenda mada inayofuata inalitegemea. Ndiyo sababu mada ipangwe nzima wakati wa likizo, unapotengeneza azimio la kazi.

Neno kuhusu miongozo ya jirani, maana imejaa madukani Kampala. Ya Kenya ya Gredi ya 7 inamwandikia mtoto aliyesoma Kiswahili tangu Gredi ya 1. Ya Tanzania inamwandikia mtoto anayesoma hata hisabati ya shule ya msingi kwa Kiswahili. Wako wa kidato cha kwanza mara nyingi anaanza na "Hujambo". Ukifuata umri, sarufi itamzidi kimo. Ukishuka kwenye vitabu vya chini, atachukia kuchorewa vikaragosi vya sungura. Chukua sarufi ya vitabu vya chini uivike mada za vitabu vya juu: nauli ya boda, bei ya samaki, simu iliyopotea.

Na kwa kuwa tathmini endelevu ina asilimia 20 ya alama za mwisho za UCE (cheti cha kidato cha nne), kazi ya mradi au ya kuunganisha maarifa mwishoni mwa mada usiibandike kama kiraka. Ichague siku unayoanza mada, kila kipindi kichangie kipande chake. Kama ni tangazo la muuza samaki, basi kufikia wiki ya tatu wawe na sentensi zake tayari daftarini.

Baada ya kipindi, kabla hujatoka, andika pembezoni mwa ukurasa. Kama shule ina nakala moja tu inayozunguka, tumia kikaratasi ukibandike hapo. Tarehe, darasa, kilichokwama: "Wamechanganya hawa na hizi. Igizo lilikula dakika 20. Rudia Jumatatu." Atakayeushika mwongozo huo mwakani, awe wewe au mwenzako, aanze kupanga kwa kusoma hayo kwanza.