Wale Watano wa Mongomi wa Kolo

Panda basi la Babati au Arusha asubuhi pale Dodoma mjini. Ukishapita Kondoa, hesabu kama kilometa 25, shuka Kolo. Ofisi ya Mambo ya Kale ipo hapo hapo kijijini. Unalipa kiingilio na kupewa mwongozaji. Kufika Mongomi, kwenye mapango yenye michoro, kunahitaji gari la kupanda milima, kwa kuwa njia inavuka mto wa mchanga, na mvua za Desemba hadi Aprili huifunga. Kipande cha mwisho ni kupanda kwa miguu. Beba maji.

Mapangoni kuna michoro ya tembo, twiga na watu wembamba mno wenye vichwa vya ajabu. Mwanaakiolojia Mary Leakey, aliyefanya kazi huku mwaka 1951, alinakili maumbo kama 1,600. Tumia muda wako mwingi kwa kundi moja la rangi nyekundu: watu watano, wa katikati akiwa mwanamke kwa macho ya wengi, na wawili kila upande wamemshika mikono. Leakey aliona utekaji, na jina hilo likaganda. Mwaka 1986 mtafiti David Lewis-Williams wa Afrika Kusini aliona ngoma: mchezaji amepandisha, wenzake wanamshikilia. Wasandawe, majirani wa upande wa magharibi, wana ngoma ya simbo, ambayo mchezaji hupandisha na kuwa simba. Wana pia phek'umo, ya usiku wa mbalamwezi, inayoonyesha tamaa ya mwili waziwazi kwa sababu inaomba uzazi.

Naona jina la utekaji liliwahukumu wale watano mapema mno. Mwombe mwongozaji akae kimya kwanza. Tazama mikono, miguu, jinsi mwili wa katikati ulivyoinama, uamue kama anavutwa au anaegemezwa. Kisha muulize wazee wa kwao husema nini.

Orodha ya Urithi wa Dunia iliipokea michoro hii mwaka 2006, lakini kwa wenyeji Mongomi bado ni mahali pa tambiko. Ukikuta watu wanaomba mvua au uponyaji, kaa pembeni, usipige picha. Usiguse mwamba, wala usimwagie maji ili rangi ing'ae: huiharibu kabisa.

Ukibakiwa na nusu siku, nenda Lusangi, karibu na Pahi, ambako michoro myeupe ya baadaye imelalia ile myekundu. Malazi ya kawaida, gesti safi na chakula cha moto, utayapata Kondoa.