Dada, Kaa Kwenye Benchi: Jinsi ya Kuingia Kwenye Gemu na Kubaki

Nimekulia Temeke, katika nyumba yenye kaka wengi, na mpaka leo nguo zangu ni suruali, fulana na kofia. Mtaani wananiita jikedume, wala sina neno nao. Nikitoka kazini, starehe yangu ni Tekken. Wasichana wanaponiona nacheza huniuliza waanzie wapi, maana waliojaribu kuingia banda la gemu waliambiwa wakacheze rede. Haya ndiyo ninayowaambia.

Chagua gemu moja

Mabanda mengi ya Dar yana mambo mawili, mpira na ngumi. Mpira ni FIFA, ambayo tangu 2023 inaitwa EA Sports FC. Ngumi ni Tekken au Mortal Kombat. Shika moja kwanza. Ukirukaruka kila gemu, kila utakayekaa naye atakuwa amekutangulia.

Ukichagua Tekken, anza na pedi yenyewe. Kwenye PlayStation kila kitufe kina kiungo chake: mraba ni ngumi ya kushoto, pembetatu ni ngumi ya kulia, alama ya X ni teke la kushoto, duara ni teke la kulia. Ukilijua hilo, huna haja ya kukariri orodha ndefu ya vitufe, kwa sababu unamwona mhusika na mkono wako unajua alichotumia.

Kisha chagua mhusika mmoja. Mimi ni wa Ling Xiaoyu, aliyeingia Tekken 3 akiwa binti wa miaka 16. Ni mwepesi, na anaweza kumpa adui mgongo kisha akamshambulia kutoka hapo hapo. Wengine watakwambia huyo ni mhusika wa kike, mwache. Wewe chagua unayependa kumtazama akitembea, maana mtakaa pamoja muda mrefu.

Jifunze kuzuia kabla ya kupiga

Kila banda lina mtu wa Eddy Gordo, yule mcheza kapoeira. Anabonyeza vitufe vya mateke mfululizo, miguu inazunguka kila upande, na mgeni anakata tamaa. Dawa yake ni kuzuia. Ukisimama na kuvuta nyuma, unazuia mapigo ya juu na ya kati. Ukichuchumaa na kuvuta nyuma, unazuia ya chini, na ya juu yanapita kichwani. Pigo la kati ndilo linalompata aliyechuchumaa, kwa hiyo kaa wima, uchuchumae pale tu unapoliona teke la chini linakuja. Mtu wa Eddy akikuta kila teke limezuiwa, hana la pili.

Hatua inayofuata ni kulipiza. Tekken huenda kwa fremu, yaani picha, 60 kila sekunde, na ngumi ya haraka ya wahusika wengi hutoka kwa fremu 10, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Adui akitupa pigo zito ukalizuia, mara nyingi huchelewa kurudi sawa. Hapo ndipo ngumi yako fupi inapoingia, naye hawezi kufanya kitu. Ingia chumba cha mazoezi ndani ya gemu, urudie pigo moja na jibu lake mpaka vidole viende vyenyewe. Tekken 8, iliyotoka Januari 2024, inakuonyesha hesabu za fremu papo hapo. Ukichezea nyumbani, fungua mipangilio ya televisheni uwashe hali ya gemu, ili picha isichelewe nyuma ya vidole.

Namna ya kukaa bandani

Sheria ya banda ni moja: anayeshinda anabaki, anayefungwa anampisha mwenzake. Sheria hiyo haiulizi umevaa nini, ndiyo maana naipenda. Nenda asubuhi, kabla vijana hawajajaa. Salimia, lipa hela yako mwenyewe, kisha umuulize mwenye banda kwa sauti inayosikika: "Kaka, mimi nipo baada ya nani?" Ukiuliza hivyo, zamu yako imejulikana na benchi zima. Hakuna atakayekuruka bila watu kuona.

Akitokea wa kusema, "Ngoja nimwachie dada," mwambie acheze kama anavyocheza na wengine. Ukifungwa, muulize alikupiga na nini. Wachezaji wazuri hupenda kueleza, na mimi nimejifunza mengi kwa swali hilo kuliko kwa ushindi.

Ukishinda, watamcheka aliyepigwa na demu. Usiingie kwenye kelele hizo, sema "karibu anayefuata" na uendelee. Lakini matani ni kitu kimoja, na kushikwashikwa au kutukanwa ni kingine kabisa. Hapo simama, mwambie mwenye banda mbele ya watu, na asipochukua hatua, ondoka usirudi. Hakuna gemu inayostahili uvumilie hilo. Mtandaoni vivyo hivyo: tumia jina la kuchezea, usitoe namba ya simu wala picha, na mtukanaji mnyamazishe, umripoti.

Nyumbani

Mama mara nyingi hachukii gemu. Anaogopa maneno ya watu, shule kushuka na giza kukukuta njiani. Mjibu hofu hizo moja moja. Maliza vyombo na masomo kwanza, mwambie ni banda gani na unarudi saa ngapi, kisha rudi saa hiyo. Siku moja mkaribishe akae karibu, umweleze nani ni nani kwenye skrini. Shangazi akiuliza nani ataoa msichana wa suruali, mwitikie kwa heshima, shikamoo yake umpe, na suruali yako uendelee kuivaa.

Usiingie peke yako

Hili ndilo nalijali kuliko yote. Jikedume akishakubalika bandani, huanza kusifiwa kwamba yeye si kama wasichana wengine. Ikatae sifa hiyo. Anayepaka hina na kuvaa gauni ana vidole kumi kama wewe, na benchi ni lake pia. Carol Shaw alitengeneza gemu ya River Raid ya mashine ya Atari mwaka 1982. FIFA 16, iliyotoka 2015, ndiyo ya kwanza kuweka timu za wanawake, timu 12 za taifa. Na hapa jirani, Sylvia Gathoni wa Kenya, anayeitwa QueenArrow, alisajiliwa na timu ya UYU ya Marekani mwaka 2018 kucheza Tekken 7, huku akisomea sheria. Wanawake wamo humu tangu zamani. Kinachokosekana ni wasichana wa mtaani kwetu kuonana wakicheza.

Basi ukishajua kuzuia na kulipiza, Jumamosi ijayo njoo na mdogo wako au rafiki yako. Mlipie mechi ya kwanza, mwonyeshe mraba na pembetatu, na zamu yake ikifika umwache acheze mwenyewe, hata akipigwa. Wasichana wawili wakizoeleka kwenye benchi, wa tatu hataambiwa akacheze rede.