Sketi ya Kwanza: Somo la Kujishonea Nguo Nyumbani Buruburu

Mkazi wa Buruburu anayetaka sketi ya kuvaa kazini hakosi pa kuipata. Gikomba si mbali kwa matatu, Mutindwa ni karibu zaidi, na kandokando ya Barabara ya Mumias South maduka ya nguo hayahesabiki. Lisemwe mapema basi, kabla mtu hajatoa akiba yake kununua cherehani: kwa bei, mtumba hauwezekani. Kitambaa peke yake mara nyingi hugharimu zaidi ya sketi nzima iliyochaguliwa vizuri asubuhi bando linapofunguliwa.

Kinachowasumbua wanawake ni kipimo. Nguo ya mtumba ilikatwa kwa ajili ya mwili mwingine, katika nchi nyingine. Ikitosha nyongani, kiuno kinapwaya. Ikikaa kiunoni, haipiti mapajani. Hapo hupelekwa kwa fundi ibanwe, naye fundi husema, "Rudi Jumamosi, mama," na Jumamosi hiyo ina tabia ya kusogea. Mwenye umbo kubwa, mrefu kupita kawaida, mjamzito, au aliyepoteza titi kwa saratani hupitia meza baada ya meza na kurudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hao, kujishonea ndiyo njia ya kupata nguo inayowakaa, na hapo ndipo gharama ya kitambaa na jasho la kujifunza hurudi.

Ujuzi wenyewe si mgeni katika mitaa hii. Wanafunzi wa mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, walisoma Sayansi Kimu wakiwa shule ya msingi, na wengi wa akina mama wa Buruburu wa leo wanakumbuka vile vitambaa vidogo vya kufanyia mazoezi ya mishono ya mkono. Kando ya Barabara ya Jogoo, Soko la Uhuru linajulikana kwa mafundi wanaoshona sare za shule na nguo nyingine. Na Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, ilizikabidhi serikali za kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini pamoja na vituo vya mafunzo ya kazi za nyumbani. Kwa hiyo mafunzo ya kushona ni sehemu ya kazi ambayo kaunti imepewa kisheria.

Somo hili ni la sketi moja: ya kitenge, yenye lastiki kiunoni, isiyo na zipu wala kifungo. Limechaguliwa kwa sababu mtu anayeanza anaweza kuimaliza kwa siku moja, na akikosea hesabu kidogo lastiki humsamehe.

Kwanza cherehani. Ya miguu inatosha kabisa, na umeme ukipotea kazi haisimami. Anayenunua iliyotumika aende na kipande chake cha kitenge, akikunje mara nne, kisha amwombe muuzaji ashone mbele yake. Mshono uwe sawa juu na chini. Uzi ukifanya vitanzi upande wa chini, kwa kawaida tatizo liko juu: uzi wa juu umelegea au haukupitishwa vizuri, na hilo hurekebishika kwa dakika moja. Mashine inayorukaruka mshono huenda inahitaji sindano mpya tu. Kwa kitenge sindano namba 14 inafaa. Kitambaa chepesi kama shifoni kinataka ndogo zaidi, na jinzi inataka namba 16. Mafuta yawe ya cherehani. Mafuta ya kupikia huganda ndani ya mashine, na kuyasafisha ni gharama.

Kitambaa ndicho kinachohitaji macho. Vitenge hupatikana Eastleigh na katika maduka ya Biashara Street katikati ya jiji, vingi vikiuzwa kwa vipande vya yadi sita, na vingine kwa yadi mbilimbili. Si kila kinachoitwa kitenge ni pamba. Njia ya kujua ni kuchomoa nyuzi chache pembeni, kuzishika kwa kibano juu ya sinki na kuziwasha. Pamba huungua kama karatasi, hunuka kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi. Poliesta si dhambi, hukauka haraka na haitaki pasi kali, lakini kwa joto la Januari ndani ya matatu iliyojaa, pamba ina huruma zaidi mwilini.

Kitambaa cha pamba kifuliwe kabla ya kukatwa. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoleta majuto. Pamba hujikunja kwenye maji ya kwanza, kwa hiyo sketi iliyoshonwa kabla ya kufuliwa huwa fupi baada ya wiki mbili na mwenyewe hajui amefanya kosa gani. Kiloweke, kifuliwe kama kitakavyofuliwa siku zote, kikauke kivulini, kisha kipigwe pasi. Maji ya chumvi ambayo wengi huyaamini hayatazuia rangi ya kiwandani kuchuja. Kama inachuja, ifuliwe peke yake hadi maji yatoke safi.

Sasa vipimo, na hapa pasiwe na haraka. Futi ya fundi ina inchi 60. Ikiwa ni ya zamani, ilinganishwe na rula, kwa sababu zile za plastiki hafifu huvutika na kudanganya. Anayepimwa afunge uzi kiunoni, ainame upande mmoja mara mbili tatu, na uzi utatulia wenyewe mahali kiuno kilipo. Mara nyingi si pale mtu anapofungia suruali. Nyonga zipimwe sehemu pana kuliko zote, miguu ikiwa pamoja. Urefu uanzie kwenye uzi hadi pale sketi inapotakiwa kuishia. Ni vizuri mtu mwingine ashike futi, maana anayejipima mwenyewe huinama na namba hubadilika. Na asibane tumbo. Sketi itavaliwa siku nzima, na tumbo halibanwi siku nzima.

Tuchukue mfano wa mwanamke mwenye kiuno cha inchi 34 na nyonga za inchi 42, anayetaka sketi ya urefu wa inchi 30. Juu ataongeza inchi 2 za kukunjia lastiki, na chini inchi 2 za upindo. Kila kipande kitakuwa na urefu wa inchi 34. Atahitaji vipande viwili, cha mbele na cha nyuma, na kila kimoja kitatumia upana wote wa kitenge, ambao kwa kawaida ni kama inchi 45. Jumla ya urefu wa kitambaa ni inchi 68. Yadi mbili ni inchi 72. Anabaki na ukanda wa inchi 4, na usitupwe.

Kuna sababu ya kutumia upana wote. Kingo mbili za kitenge zilifumwa kiwandani na hazifumuki. Vipande vikikatwa hivi, kingo hizo ndizo zinazokutana kwenye mishono ya pembeni, kwa hiyo sketi nzima inaweza kushonwa bila mashine ya ovaloki, ambayo nyumba nyingi hazina. Mshono uingie ndani nusu inchi au zaidi kidogo, ili ule mstari mweupe au maandishi ya kiwanda yafichike. Pembeni itapotea jumla ya inchi 2, na mzunguko wa sketi utabaki inchi 88, zaidi kidogo ya mara mbili ya nyonga. Hilo ndilo linalotoa mikunjo mizuri. Mwenye nyonga za inchi 50 atapata mikunjo michache zaidi, na sketi itamkaa vilevile.

Kabla ya makasi, kitambaa kitandazwe juu ya meza au sakafu safi na maua yake yatazamwe. Vitenge vingi vina juu na chini. Ndege wakiwa wamesimama wima mbele na kuning'inia vichwa chini nyuma, kila mtu kwenye kituo cha basi ataona. Mstari wa kukatia uchorwe kwa chaki, au kwa kipande chembamba cha sabuni kama wafanyavyo mafundi, kwa sababu sabuni hutoka kwa maji.

Vipande viwili viwekwe uso kwa uso, vishikizwe kwa pini, na mishono miwili ya pembeni ishonwe kutoka juu hadi chini. Mwanzo na mwisho wa kila mshono cherehani irudishwe nyuma kidogo ili uzi usifunguke. Mishono ifunguliwe kwa pasi. Juu, kitambaa kikunjwe nusu inchi, kipigwe pasi, kisha kikunjwe tena inchi moja na nusu na kushonwa karibu na ukingo wa chini kuzunguka kiuno, huku pengo la inchi 2 likiachwa nyuma. Lastiki ya upana wa inchi moja na robo itapita humo bila kujipindua.

Lastiki ikatwe inchi 33: kiuno cha inchi 34, toa 2 ili ishike, ongeza 1 ya kupishanisha ncha. Ncha moja ifungwe pini ya nepi na kusukumwa ndani ya njia yake hadi itokezee upande wa pili. Ncha mbili zipishane inchi moja na kushonwa kwa mshono wa mraba, halafu pengo lizibwe. Upindo wa chini uwe wa mwisho, baada ya sketi kuvaliwa mbele ya kioo, kwa sababu mwenye makalio makubwa ataona nyuma imepanda kuliko mbele. Apunguze mbele kidogo tu, kisha akunje nusu inchi, akunje tena inchi moja na nusu, na kushona.

Ule ukanda wa inchi 4 kwa inchi 45 unatoa vibanio viwili vya nywele. Ukatwe katikati, kila nusu ikunjwe kwa urefu na kushonwa kama bomba, igeuzwe nje, ipitishwe lastiki nyembamba ya inchi 8, kisha ncha ziunganishwe. Aliyenunua yadi sita anabaki na zaidi ya yadi nne, zinazotosha kilemba, mfuko wa sokoni na, akiishapata uzoefu, gauni.

Gauni lina kola, mabega na mikono, na hapo wanaojifunza peke yao hukwama. Njia iliyo karibu ni kuchukua gauni kuukuu linalomkaa mwenyewe vizuri, hata kama ni la mtumba, na kulifumua mshono kwa mshono. Kila kipande kipigwe pasi, kiwekwe juu ya gazeti na kuchorwa pamoja na nafasi ya mshono. Magazeti hayo yaandikwe "mbele", "nyuma", "mkono wa kulia", na kuhifadhiwa. Mwenye kufumua hujifunza pia mpangilio wa kazi, kwa sababu mshono unaofunguka kwanza ndio ulioshonwa mwisho. Kitambaa cha kwanza cha kujaribia kiwe shuka la zamani, si kitenge kipya.

Wengine hawataishia hapo. Jirani ataona sketi, ataomba moja, ataleta kitambaa chake na kulipa. Kujishonea na kushonea watoto wa nyumbani hakuhitaji leseni yoyote. Anayeshonea wateja kwa malipo anafanya biashara, na anatakiwa kuwa na Leseni ya Pamoja ya Biashara ya Kaunti ya Jiji la Nairobi, inayoombwa kupitia mfumo wa malipo wa kaunti mtandaoni. Suala linalowaponza watu zaidi Buruburu ni jengo. Mtaa huu ulijengwa kuanzia miaka ya 1970 kuwa makazi ya familia, na kubomoa ukuta wa mbele ili kufungua duka la ushonaji ni kubadilisha matumizi ya ardhi. Jambo hilo linahitaji idhini ya idara ya mipango ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Idhini iombwe kabla ya ujenzi. Ukuta uliokwisha kujengwa huzungumzwa kwa lugha nyingine.

Aliyejifunza nyumbani bila kupita chuoni anaweza pia kupata cheti. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, huendesha mitihani ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza, na ushonaji ni mojawapo ya fani hizo. Cheti hicho husaidia mtu anapotafuta kazi kiwandani au kikundi chake kinapoomba zabuni ya sare. Anayeufikiria mtihani huo aanze mapema kufanya mazoezi ya zipu, kola na kuunganisha mkono wa blauzi, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyochukua miezi kuviweza.

Maswali kuhusu leseni na idhini ya majengo yanaweza kupelekwa katika ofisi za Kaunti Ndogo ya Makadara, siku za kazi.