Moyo wa Mbwa Wako Una Hitilafu? Vidokezo 11 vya Kuishi Naye kwa Furaha

Kwanza, vuta pumzi ndefu. Mbwa wengi walioambiwa wana ugonjwa wa moyo huendelea kula, kubweka na kumtimua paka wa jirani kwa miezi mingi, wengine kwa miaka. Na habari njema ni hii: sehemu kubwa ya kazi hufanyika nyumbani, kwa mikono yako, bila vifaa vya gharama. Una simu yenye saa? Una macho? Basi tuanze.

1. Uliza jina, kisha uliza hatua

"Mbwa wangu ana moyo" ni taarifa pungufu. Mbwa wadogo wanaozeeka, kama Chihuahua, Maltese, Dachshund na hasa Cavalier King Charles, mara nyingi huugua vali: inanenepa na kupinda, haifungi sawasawa, damu inarudi nyuma. Mbwa wakubwa kama Doberman na Great Dane huelekea zaidi kulegea kwa misuli ya moyo wenyewe. Dawa zinaweza kufanana, lakini mwendo wa ugonjwa ni tofauti, kwa hiyo muulize daktari waziwazi na uandike jibu kwenye simu.

Kwa ugonjwa wa vali zipo hatua zilizopangwa na wataalamu wa magonjwa ya ndani ya wanyama wa Marekani mwaka 2009, zikapitiwa upya mwaka 2019. A ni mbwa wa ukoo ulio hatarini lakini mzima. B1 ana mlio moyoni, ila moyo haujatanuka vya kutosha kuhitaji dawa. B2 moyo umetanuka ingawa mbwa mwenyewe anarukaruka tu. C moyo umeshindwa kazi, mara nyingi maji yamejaa mapafuni, sasa au siku zilizopita. D ni pale dawa za kawaida zinapoanza kuelemewa.

Kwa nini ujisumbue na herufi hizi? Kwa sababu B2 ndiyo nafasi ya dhahabu. Utafiti uitwao EPIC, uliochapishwa mwaka 2016 na kuhusisha mbwa 360, ulionyesha kuwa mbwa wa hatua hiyo waliopewa dawa iitwayo pimobendani walikaa takriban miezi 15 zaidi kabla moyo haujashindwa kazi. Miezi 15! Kwa mbwa, huo ni muda mrefu sana. Kwa hiyo kama daktari amesikia mlio tu kwa kifaa chake cha masikioni, muulize kuhusu eksirei na ultrasaundi, hata kama itabidi usafiri hadi mji mwingine kuipata.

2. Hesabu pumzi zake akilala

Kama utafuata kidokezo kimoja tu katika makala hii, kiwe hiki. Maji yanapoanza kuingia mapafuni, mara nyingi idadi ya pumzi usingizini hupanda kabla hujaona dalili nyingine yoyote. Wewe unayelala naye nyumba moja unaweza kugundua jambo ambalo daktari, anayemwona mara moja kwa miezi kadhaa, hana namna ya kuligundua.

Ni hivi. Msubiri alale fofofo. Tazama ubavu: ukipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Mbwa aliyelala kwa utulivu kwa kawaida huwa chini ya 30 kwa dakika, na wengi huwa chini zaidi. Manyoya yake ni meusi na taa ni hafifu? Weka kipande kidogo cha tishu juu ya ubavu, utakiona kikipanda na kushuka. Usihesabu anapoota na miguu inachezacheza, wala anapohema kwa joto, wala mara tu baada ya matembezi. Namba hizo zitakutisha bure.

Wiki ya kwanza hesabu kila siku ili ujue namba yake ya kawaida. Baada ya hapo fuata ratiba ya daktari wako. Ikivuka 30, subiri kidogo, hesabu tena. Ikibaki juu, piga simu siku hiyohiyo, usingoje Jumatatu. Ikivuka 40 akiwa amelala, ondokeni kwenda kliniki. Na kama kawaida yake ni 16 na sasa siku tatu mfululizo unapata 27, piga simu pia. Bado yuko chini ya 30, ndiyo, lakini huyo si yeye uliyemzoea.

3. Saa 12 na saa 12

Dawa nyingi za moyo hutolewa mara mbili kwa siku, na saa zetu zimekurahisishia: saa 12 asubuhi, saa 12 jioni, kengele mbili kwenye simu, basi. Pimobendani hufyonzwa vizuri tumbo likiwa tupu, kwa hiyo mpe kama saa moja kabla ya chakula.

Anatema vidonge? Tumia mbinu ya vitonge vitatu vya ugali. Finyanga vitonge vitatu vidogo mno. Cha kwanza kitupu, cha pili kina dawa, cha tatu kitupu, na umwonyeshe cha tatu wakati cha pili bado kiko mdomoni. Atameza haraka ili asikikose! Usifiche dawa kwenye bakuli zima la chakula. Akiacha nusu hutajua dawa imeingia au imebaki.

Ukisahau dozi, usimpe mbili kwa pamoja kufidia. Na tafadhali usiache dawa kwa sababu "siku hizi yuko vizuri". Yuko vizuri kwa sababu ya hiyo dawa. Nje ya miji mikubwa dawa hizi hazipatikani kila duka, hivyo agiza nyingine ungali na akiba ya wiki mbili.

4. Maji yasikauke bakulini

Akianza dawa ya kutoa maji mwilini, kama furosemidi, atakunywa sana na kukojoa sana. Utashawishika kuficha bakuli ili kuokoa zulia. Usifanye hivyo! Akinyimwa maji ilhali dawa inamkojoza, figo ndizo zitakazoumia. Badala yake ongeza safari za nje, ya mwisho iwe kabla hujalala, na utandike magazeti ya zamani karibu na mlango. Muulize daktari pia kuhusu kupima damu wiki moja au mbili baada ya kuanza dawa hiyo, kuona figo na madini vinaendeleaje.

5. Chota chakula chake kabla ya chumvi

Huna haja ya sufuria ya pili wala mapishi maalumu. Unachemsha kuku wa familia? Toa kipande chake kabla hujatia chumvi, kitunguu na viungo. Kitunguu maji na kitunguu saumu ni sumu kwa mbwa yeyote, mwenye moyo mzima au mgonjwa, kwa hiyo mchuzi wa jana na sahani ya pilau havimfai kabisa.

Chumvi hujificha mahali usipopafikiria: mkate, soseji, jibini, vipande vya kukolezea supu, dagaa waliotiwa chumvi, na ng'onda kwa ndugu zetu wa pwani. Vitafunio vya kumfurahisha vipo tele: karoti mbichi, boga la kuchemsha, tango, kipande cha tikiti kilichotolewa mbegu. Wanapenda kweli, jaribu uone.

Tahadhari mbili. Wali na nyama isiyo na chumvi kila siku, mwaka mzima, haumpi kila kitu anachohitaji mwilini. Panga mlo wake na daktari. Na kama unanunua chakula cha mfuko kinachojisifu kuwa hakina nafaka, soma orodha ya viungo. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kuwa inachunguza ripoti za mbwa waliolegea misuli ya moyo wakila vyakula vya aina hiyo, vingi vikiwa na njegere, dengu au viazi kwa wingi. Kwa mbwa ambaye moyo wake tayari unataabika, mimi ningechagua chakula kingine.

6. Panda naye kwenye mzani

Mbwa mdogo humpimi kwa kumbembeleza asimame. Mbebe, panda mzani naye, soma namba, mweke chini, panda peke yako, toa. Kila wiki, siku ileile.

Uzito ukipanda ghafla na tumbo likitepeta, huenda ni maji. Uzito ukishuka, pitisha vidole mgongoni na mapajani: ugonjwa wa moyo ukikomaa hula misuli, na mbwa aliyekonda hivyo anahitaji kula zaidi. Hamu ikimpungua, pasha chakula kidogo kitoe harufu, na ukigawe mara tatu au nne kwa siku.

7. Yeye ndiye kiongozi wa matembezi

Kufungiwa ndani hakumsaidii kama moyo wake umetulia na daktari ameruhusu. Tembea naye alfajiri au jua likishapoa, hasa Dar es Salaam na Mombasa ambako joto na unyevunyevu humfanya ahangaike kupumua hata akiwa amesimama. Akipunguza mwendo, punguza. Akikaa, kaeni. Vua mkanda wa shingoni unaobana koo na kumchochea kukohoa, umvalishe mkanda wa kifuani. Mchezo wa kurusha mpira mara hamsini uachieni wenzake vijana. Mbwa atakimbilia mpira hata moyo ukilia, hajui kujizuia.

8. Kabati lako la dawa si lake

Anachechemea, unamhurumia, unakumbuka dawa yako ya maumivu. Simama hapo! Ibuprofeni, diklofenaki na parasetamoli zinaweza kumuua mbwa, na dawa za jamii ya ibuprofeni zikikutana na zile za moyo huongeza hatari kwa figo. Kila daktari mpya atakayemwona, hata aliyekuja kwa chanjo tu, mwambie kwanza: "Huyu anatumia dawa za moyo," na umwonyeshe picha ya maboksi yake uliyoihifadhi kwenye simu.

9. Usimsahau mbu

Wapo minyoo wanaokaa moyoni na kwenye mishipa ya mapafu ya mbwa, na huenezwa na mbu. Kama mnaishi kwenye joto na mbu wengi, muulize daktari kuhusu kipimo na kinga. Kipimo kije kwanza, kinga baadaye.

10. Nyumba nzima iwe kikosi

Wewe unatoka saa 1 asubuhi, unarudi jioni umechoka. Nani anashinda naye? Dada wa nyumbani, mlinzi, bibi, watoto. Hao ndio wauguzi wako. Andika karatasi moja, kwa herufi kubwa, ibandike mlangoni mwa friji: dawa gani, saa ngapi, nusu au nzima, na namba ya daktari. Mfundishe kila mmoja kuhesabu pumzi. Watoto wa darasa la nne wanaiweza kazi hii vizuri mno na huipenda. Kisha zungumza na bibi, kwa upole na heshima zote, kuhusu ile chapati anayomdondoshea chini ya meza.

Karatasi hiyohiyo iwe na dalili za kukimbilia kliniki: fizi zimekuwa za buluu au kijivu, amezimia, anahema kwa nguvu akiwa ametulia, amekaa ametanua viwiko na kukataa kulala, anakohoa povu. Hapo usimlazimishe alale, usimnyweshe kitu, usimkumbatie kwa kumbana. Mpeni hewa, punguzeni kelele, pigeni simu mkiwa njiani ili wajiandae na oksijeni. Na leo hii, kabla hakijatokea chochote, tafuta ni kliniki gani karibu nawe hupokea wagonjwa usiku. Wenye uwezo wa kufika Kabete, kwenye kitivo cha tiba ya wanyama cha Chuo Kikuu cha Nairobi, au Morogoro kwenye hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, waulizeni mapema saa zao na huduma zao za moyo.

11. Mchoshe pua, uache moyo upumzike

Mbwa aliyezoea kukimbia atachoka kukaa bure, na mbwa aliyechoka kukaa bure hutafuna viatu. Mpe kazi ya pua. Chukua taulo kuukuu, tawanya juu yake sehemu ya chakula chake cha jioni, ukunje na kufunga fundo moja jepesi, kisha mwachie. Siku nyingine ficha vipande vya karoti nyuma ya miguu ya viti, au ndani ya boksi lililojaa karatasi. Anza na mafumbo rahisi ili afanikiwe haraka, ongeza ugumu kidogo kidogo. Ukiona anahema, ondoa mchezo, mpe maji, mrudie kesho.

Na akishalala hapo miguuni pako baada ya kushinda taulo, chukua simu, fungua saa, uhesabu sekunde 30.