Mkono Ung'oao Jino

Mganga wa meno huogopwa na wengi, lakini hupendwa sana na wale aliokwisha kuwaondolea maumivu. Mmoja wa waganga wapendwa wa namna hiyo alikuwa Mtakatifu Martino wa Porres, ambaye Kanisa humkumbuka kila tarehe 3 Novemba.

Alizaliwa Lima, nchini Peru, mwaka 1579. Babaye alikuwa Mhispania. Mamaye alikuwa mwanamke mweusi aliyepata kutolewa utumwani. Katika ujana wake alifundishwa kazi ya kinyozi. Zamani zile kinyozi hakunyoa nywele tu: aliwatoa wagonjwa damu, alifunga vidonda, aling'oa meno. Alipokwenda kwa Wadominiko, sheria za siku zile zilimzuia kuwa mtawa kamili kwa sababu ya asili yake. Akapokewa kama mtumishi. Hata hivyo, ufundi wake hakuuacha mlangoni. Aliwauguza watawa, maskini, na watumwa walioletwa kutoka Afrika. Alifariki mwaka 1639, na Baba Mtakatifu Yohane XXIII alimtangaza Mtakatifu tarehe 6 Mei 1962.

Basi tujifunze nini? Kwanza, ufundi wa mikono ni amana ya Mungu kwa ajili ya jirani. Pili, aumwaye jino haulizi rangi ya mkono umtibuo. Mbona mwenye afya aiulize? Tatu, marehemu mwema hakumbukwi kwa sifa tupu. Tumwombee, kisha tumtendee mwingine kama yeye alivyotutendea.